Mtoto Mchanga Akitoka Damu, Tumtazame Mwili Wote

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali ambamo mmoja wetu alikuwa akifanya kazi wodi ya wazazi, alizaliwa mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo 2 na gramu 200. Mama alikuwa na afya njema, hakuwa na homa wala shinikizo la damu, na mimba ilikuwa imetimiza miezi yake. Mtoto alilia vizuri, akanyonya. Jioni muuguzi alipombadilisha nguo aliona kitovu kimelowa damu. Kikafungwa upya. Usiku kikalowa tena. Asubuhi, pale pajani alipochomwa sindano ya Vitamini K, palikuwa pamevimba na kuwa peusi kama zambarau.

Tulifanya yale tuliyofundishwa. Tulimpa tena Vitamini K, safari hii kwenye mshipa. Tulimwanzishia dawa za kuua vijidudu, kwa kuwa maambukizi ndiyo tunayokutana nayo kila wiki. Tukapima damu. Chembe sahani, yaani zile chembe ndogo sana zinazoziba tundu la mshipa ili damu ikatike, zilikuwa 38,000 tu katika milimita moja ya ujazo, wakati kawaida ni kati ya 150,000 na 450,000. Akaongezewa damu, kitovu kikakauka, na siku ya 12 akaruhusiwa kurudi nyumbani. Kwenye kadi tuliandika: "Maambukizi ya mtoto mchanga. Amepona."

Hatukuandika kwamba paji la uso wake lilikuwa limechongoka katikati kama mkuku wa mashua. Hatukuandika kwamba macho yake yalikaa mbalimbali, kope moja ikiwa imelegea, wala kwamba masikio yake yalikuwa madogo na yamekaa chini. Si kwamba hatukuyaona. Muuguzi mmoja alisema kwa mzaha, "Jamani, huyu kafanana na nani?" na mama akajibu kwamba labda ni shangazi yake. Tukacheka, tukaendelea na kazi. Moyo wake tuliusikiliza mara moja tu, akiwa analia.

Mtoto alipofika mwaka mmoja na miezi miwili alipata malaria, damu ikapimwa, na chembe sahani zikaonekana zimefika 165,000. Kila mtu akafurahi. Miezi michache baadaye bibi yake akamtoboa masikio kwa sindano na uzi, kama wanavyotobolewa wasichana wote wa mtaa ule. Alitoka damu siku mbili mfululizo, akaletwa hospitali amepauka midomo.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya daktari kijana mwenye subira. Alimvua mtoto nguo zote, akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye kucha za miguu, akangoja anyamaze ndipo akausikiliza moyo, akasikia mvumo. Kisha akamwuliza mama, "Damu hii ilianza lini kumtoka?" Mama akatoa ile kadi yetu. Basi damu ikapelekwa kwenye maabara ya kuchunguza kromosomu, na baada ya kungoja muda mrefu jibu likarudi: kipande cha mwisho cha kromosomu ya 11 hakipo.

Mama yule alipoelezwa hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Kwa hiyo siyo mimi?"

Tumekaa na swali hilo siku nyingi. Ndilo lililotufanya tuandike haya.

Kromosomu ni nini?

Kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, jozi 23, nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Hesabu hiyo haikujulikana kwa hakika mpaka mwaka 1956. Tunaweza kuzifikiria kama vitabu 46 katika kabati moja, ambamo yameandikwa maelekezo yote ya kujenga mwili: jinsi ya kuunda moyo, jinsi ya kufunga mifupa ya kichwa, jinsi ya kutengeneza damu. Kitabu kikizidi, au ukurasa ukichanika, mjenzi anakosa maelekezo mahali fulani. Ndiyo maana kasoro za kromosomu aghalabu hazigusi kiungo kimoja peke yake. Mtoto huwa na jambo usoni, jingine moyoni, jingine katika damu, na yote yana asili moja.

Hali tuliyoieleza inaitwa hali ya Jacobsen, kwa jina la daktari wa Denmark, Petrea Jacobsen, ambaye mwaka 1973 aliandika habari za familia moja iliyokuwa na watu kadhaa wenye kasoro hiyo. Miaka 20 baadaye, mwaka 1993, madaktari wa Ufaransa walieleza ugonjwa wa chembe sahani unaoendana na kupungukiwa kipande hicho hicho cha kromosomu ya 11, wakauita Paris-Trousseau kutokana na hospitali ya watoto ya Trousseau iliyoko Paris. Inafaa kukumbuka kwamba katika hospitali hiyo hiyo ndimo daktari mwanamke Marthe Gautier alipokuza zile seli zilizowezesha yeye, Jérôme Lejeune na Raymond Turpin kutangaza mwaka 1959 kwamba watoto wenye ugonjwa wa Down wana kromosomu moja ya ziada, ya namba 21.

Hali ya Jacobsen ni adimu. Inakadiriwa kumpata mtoto mmoja katika watoto 100,000 wanaozaliwa, na wasichana ni wengi kuliko wavulana. Mkunga anaweza kuzalisha maisha yake yote asikutane nayo. Lakini katika watoto walio nayo, zaidi ya tisa kati ya kumi wana kasoro ya chembe sahani, na zaidi kidogo ya nusu wana kasoro ya moyo. Takriban mmoja kati ya watano hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, wengi kwa sababu ya moyo, na baadhi kwa kutoka damu.

Jambo linalodanganya

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, hasa akiwa mwuguzi au mganga.

Chembe sahani hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa na seli kubwa sana, ambazo tunaweza kuziita seli mama. Katika kipande kile cha kromosomu ya 11 kinachopotea imo chembe ya urithi iitwayo FLI1, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzikomaza seli mama hizo. Ikipungua, seli mama nyingi hubaki changa na kufa bila kuzaa. Ndiyo sababu mtoto anazaliwa na chembe sahani chache.

Lakini kadiri mtoto anavyokua, mara nyingi hesabu hupanda yenyewe. Baada ya miezi au miaka kadhaa inaweza kufika kiwango cha kawaida kabisa, kama ilivyokuwa kwa yule binti. Hapo ndipo sote tunadanganyika. Idadi imepona, kazi haijapona. Ndani ya baadhi ya chembe hizo vifuko vinavyobeba vitu vya kugandisha damu ni vikubwa kupita kiasi na havifunguki inavyotakiwa. Kijiji kinaweza kuwa na walinzi mia, lakini kama wamelala, mwizi atapita. Mashine ya maabara inahesabu walinzi, haisemi kama wako macho.

Matokeo yake ni kwamba mtoto aliyesahauliwa anakutana na wembe. Sisi tunajua nyembe za kwetu: kutobolewa masikio, tohara, kuchanjwa chale, kukatwa kimio kwa sababu ya kikohozi, kung'olewa yale yanayoitwa "meno ya plastiki" kwa sababu ya homa na kuhara. (Hayo mawili ya mwisho hayana faida kwa mtoto yeyote, mwenye damu nzuri au mbaya, na tumekwisha kuchoka kuyapokea hospitalini.) Halafu kuna wembe wa hospitali wenyewe: upasuaji wa moyo, wa ngiri, wa korodani ambazo hazijashuka. Daktari wa upasuaji akiona 165,000 kwenye karatasi anaendelea na kazi kwa amani, na hana kosa, kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Tuanze na yaliyo ya kawaida

Hatutaki mtu afunge ukurasa huu akidhani kila tone la damu ni kromosomu. La hasha! Wengi wa watoto wachanga wanaotoka damu wana sababu za kawaida, na hizo ndizo za kutafutwa kwanza.

Mtoto wa kike anaweza kutokwa na damu kidogo ukeni katika wiki ya kwanza. Ni homoni za mama zinazokwisha mwilini mwake, haina haja ya dawa. Mtoto anaweza kutapika damu aliyoimeza wakati wa kuzaliwa, au aliyoinyonya kwenye chuchu iliyopasuka. Mkojo wa siku za kwanza unaweza kuacha rangi ya waridi kwenye nepi, na hiyo si damu.

Kisha kuna upungufu wa Vitamini K. Mtoto huzaliwa na akiba ndogo mno ya vitamini hii, na maziwa ya mama, pamoja na wema wake wote, yana kiasi kidogo. Damu inaweza kutoka kitovuni, puani au katika choo kati ya siku ya 2 na ya 7, au baadaye, kati ya wiki ya 2 na miezi 6, mara nyingi ndani ya ubongo bila dalili yoyote ya kutangulia. Sindano moja ya miligramu 1 inayotolewa baada ya kuzaliwa huzuia karibu yote hayo. Wazazi wanaoikataa kwa kudhani ni chanjo mpya ya majaribio wanakosea. Ni vitamini, iligunduliwa na Henrik Dam wa Denmark, naye akapewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943 kwa ugunduzi huo. Mama aliyekuwa akitumia dawa za kifafa au za kifua kikuu wakati wa mimba aseme mapema, maana mtoto wake anaweza kutoka damu siku ile ile ya kwanza.

Maambukizi ya damu hushusha chembe sahani. Kaswende ya kuzaliwa nayo hushusha. Mama akiwa na kifafa cha mimba, mtoto anaweza kuzaliwa na chembe sahani chache. Mara nyingine kinga ya mama yenyewe huzishambulia chembe za mtoto. Na mara nyingine, hebu tuseme ukweli, damu iliganda kidogo kwenye chupa kwa sababu ilikamuliwa kisiginoni kwa shida, nayo mashine ikahesabu pungufu. Kabla ya kuwatisha wazazi, kipimo kirudiwe na tone litandazwe kwenye kioo, mtu alitazame kwa hadubini kwa macho yake.

Hayo yote yamo katika vitabu na yanafanywa vizuri katika hospitali nyingi. Shida yetu ni kwamba tukipata jibu moja linalofaa, tunafunga jalada. Maambukizi ni jibu linalofaa karibu kila wakati. Kwa binti yule hatukuwahi kuona kijidudu chochote katika damu, tulikisia tu.

Ni lini tuulize zaidi?

Tunadhani ni pale damu isipofuata njia yake. Mtoto amepata Vitamini K na bado anachuruzika. Mama ni mzima, mtoto hana homa, ananyonya, lakini ana madoadoa madogo mekundu au vilia la damu mahali ambapo hakuguswa. Au chembe sahani zimebaki chini wiki ya pili na ya tatu, wakati maambukizi yamekwisha. Katika ngozi nyeusi madoadoa hayo hayaonekani kwa urahisi kama picha za vitabu zinavyoonyesha, ambazo nyingi ni za watoto wa Kizungu. Tazama kaakaa, ndani ya midomo, viganja, nyayo, na weupe wa macho. Beba mtoto umpeleke dirishani, mwanga wa taa ya wodini hautoshi.

Hapo ndipo mtoto avuliwe nguo zote. Tuliyotaja kwa binti yule ndiyo yanayoonyesha hali ya Jacobsen: paji lililochongoka, macho yaliyo mbalimbali, kope zilizolegea, pua fupi, mdomo wa juu mwembamba, masikio madogo yaliyokaa chini, uzito mdogo, mvumo moyoni. Kwa mtoto wa kiume korodani zinaweza kuwa hazijashuka. Hakuna hata moja kati ya hizo inayotosha peke yake. Sote tunawajua watu wazima wenye masikio madogo ambao hawana lolote. Ni mkusanyiko wake pamoja na damu ndio unaotakiwa kumfanya mganga aache kalamu na kufikiri.

Jacobsen si peke yake. Mtoto mwenye ugonjwa wa Down anaweza kuzaliwa na chembe sahani chache, na kati ya watoto hao wapo ambao damu yao hujaa seli changa zisizo za kawaida. Mara nyingi hutoweka zenyewe katika miezi 3 hivi, na wazazi huambiwa kwamba imekwisha. Lakini takriban mmoja katika watano wa watoto waliopata hali hiyo hupata saratani ya damu katika miaka minne au mitano ya kwanza, kwa hiyo damu yao ipimwe mara kwa mara. Watoto wenye kromosomu ya ziada ya namba 13 au 18, ambao wengi ni dhaifu sana tangu kuzaliwa, nao mara nyingi wana chembe sahani pungufu. Na iko hali nyingine ambayo mkunga yeyote anaweza kuitambua kwa kugusa tu: mikono mifupi iliyopinda, kwa kuwa mfupa wa mkono wa chini ulio upande wa dole gumba haupo, lakini dole gumba lenyewe lipo. Chanzo chake ni kipande kidogo kilichopotea katika kromosomu ya 1 pamoja na badiliko jingine kutoka kwa mzazi wa pili. Watoto hao hutoka damu zaidi katika mwaka wa kwanza, na wengi hawapatani na maziwa ya ng'ombe, ambayo huweza kushusha chembe zao tena. Kwa hao maziwa ya mama ni dawa.

Je, haya ni ya kwetu?

Tulipozungumza na wenzetu kuhusu kuandika makala hii, mmoja alituambia wazi: "Watoto wetu wanakufa kwa malaria na nimonia. Haya ya mmoja katika laki waachieni Wazungu." Tunamheshimu, ni mtu aliyehudumia zahanati ya kijijini miaka mingi. Lakini hatukubaliani naye.

Kwanza, mmoja katika laki katika nchi inayozaa watoto zaidi ya milioni mbili kwa mwaka kama Tanzania si sifuri. Wako. Wanazikwa kwa majina mengine. Pili, yale tunayoyaomba hayana gharama kubwa. Kumvua mtoto nguo hakuna bei. Kusikiliza moyo mtoto akiwa amelala hakuna bei. Kipimo cha kuhesabu chembe za damu hakipo tena Muhimbili peke yake, kipo katika hospitali nyingi za wilaya. Kipimo cha kromosomu ndicho kigumu kupatikana, kwa sababu damu lazima ifike maabara seli zikiwa hai, zikuzwe kwa siku kadhaa ndipo zipigwe picha, na kipande kidogo kinaweza kupotea bila kuonekana katika picha hizo. Lakini kinga ya mtoto haihitaji kungoja jibu hilo. Mtoto anayeshukiwa ashikwe kama mwenye ugonjwa mpaka ijulikane vinginevyo. Hilo linawezekana kesho asubuhi katika zahanati yoyote.

Tatu, na hili ndilo lililotusukuma hasa, ugonjwa usio na jina hutafutiwa mtu. Mama yule alikuwa amekwisha kuambiwa na mawifi zake kwamba alikula mitishamba ya kutoa mimba. Mama mkwe alisema mkunga alifunga kitovu kwa mkono mbaya. Mabaka meusi yalipotokea mapajani, yaya alishtakiwa kwamba anamfinya mtoto, akafukuzwa bila mshahara. Mume alikuwa ameanza kulala kwa kaka yake. Yote hayo kwa sababu sisi tuliandika "Amepona" badala ya kusema kwamba hatujui.

Na jibu la swali lake ni hili: siyo yeye. Katika familia zaidi ya nane kati ya kumi, kipande kile kilikatika chenyewe wakati yai au mbegu ilipokuwa ikiundwa, au mwanzoni kabisa mwa mimba. Si chakula, si dawa, si kazi ngumu, si dhambi ya mtu. Katika familia chache zilizobaki, mzazi mmoja, baba au mama, ana kromosomu zilizobadilishana vipande bila kupoteza chochote. Yeye ni mzima kabisa, ila anaweza kumrithisha mtoto mwingine upungufu. Kwa sababu hiyo wazazi wote wawili wapimwe, na tunasisitiza wote wawili, kabla ya kupanga mimba nyingine. Baba anayemtuma mkewe peke yake kliniki kwenda "kujua ana tatizo gani" hajaelewa somo.

Maisha ya nyumbani

Mtoto wa namna hii si yai. Atembee, acheze, aende shule. Asipewe aspirini, wala dawa za maumivu za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa huzilegeza chembe sahani zaidi. Homa na maumivu yatulizwe kwa parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. Chanjo asikose, lakini mama amwambie muuguzi kabla ya sindano ya pajani, ili itumike sindano nyembamba na mahali pale pabonyezwe kwa dakika kadhaa bila kusugua. Watoto wengine wenye hali ya Jacobsen wana kinga dhaifu pia, kwa hiyo chanjo zipangwe pamoja na daktari anayemfuatilia.

Akiwa mchanga, dalili za kumkimbiza hospitali usiku huo huo ni hizi: utosi kuvimba, kukataa kunyonya ghafla, kutapika mfululizo, kulegea, degedege, kupauka. Damu ndani ya kichwa haionekani kwa nje.

Ikiwa anahitaji upasuaji wowote, hata wa jino, ufanyike katika hospitali yenye damu ya kutosha na watu waliojulishwa mapema. Chembe sahani zilizotengwa hukaa siku 5 hivi tu, haziwezi kuwekwa akiba kama damu nzima, kwa hiyo lazima ziombwe kwa tarehe. Zipo pia dawa za kuzuia damu isivunje mgando wake, kama asidi ya traneksamiki, ambazo daktari anaweza kuzipanga kabla ya kazi. Wenye kasoro ya moyo hawakosi pa kwenda: Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoko Dar es Salaam hufanya upasuaji wa watoto, na hospitali za rufaa kama Bugando na KCMC zina madaktari bingwa wa watoto wanaoweza kuanza uchunguzi.

Kuhusu kadi tuna ombi kwa wenzetu wa kliniki zote. Kadi ya mtoto ina nafasi ya uzito na nafasi ya chanjo, lakini mambo ya namna hii hupachikwa pembeni kwa penseli na kufutika. Yaandikwe kwa wino, ukurasa wa mbele, kwa Kiswahili ambacho bibi na mwalimu wanaweza kukisoma. Kwa binti yule tuliandika hivi, naye daktari akatia saini: "Mtoto huyu hutoka damu kwa urahisi hata kama hesabu ya chembe sahani ni nzuri. Asikatwe, asitobolewe, asing'olewe jino kabla ya kuwasiliana na daktari wake. Asipewe aspirini."

Sasa ana miaka saba. Tundu la moyo wake lilikuwa dogo, halikuhitaji kufungwa. Anajifunza polepole kuliko wenzake, lakini majina ya kwaya nzima anayajua. Juzi jino la mbele lililegea, na mama yake akaja nalo bado liko mdomoni. Kabla hajaketi alikuwa amekwisha kuiweka kadi mezani.